Sarafu ya Bustani ya Dansi

Jumamosi moja sokoni, mjini Odense, kwenye meza ya vitu vikuukuu, mikono miwili ilishika kikopo kimoja cha sarafu. Mmoja ulikuwa wa Esben, fundi baiskeli. Mwingine ulitoka kwenye koti la mvua la manjano, kucha zimejaa udongo.

"Achia, bwana. Nimekiona mwanzo."

"Wewe umekiona, mimi nimekishika."

"Haya, kinunue. Na kahawa uninunulie."

Hivyo ndivyo alivyompata Vibeke. Tangu hapo kila Jumapili, baada ya kanisa, walipitisha mashine zao za kusaka vyuma mahali palipokuwa bustani ya dansi zamani, alipocheza baba yake Vibeke ujanani, sasa kichaka kitupu. Esben aliokota sarafu za kale. Vibeke aliokota misumari.

"Mashine hii inanichukia."

"Inakuonea wivu tu, kipenzi."

Lakini siku moja Esben aliona macho ya Vibeke yamelowa. Vibeke alipoinama kumimina kahawa, yeye akafukia njiani kwake sarafu ya fedha ya mfalme wa kale, aliyoinunua mwenyewe. Moyoni aliiita zawadi.

Mashine ikalia. Vibeke akapiga kelele mpaka njiwa wakaruka.

Sasa, kwa sheria ya nchi yao sarafu ya namna ile ni mali ya taifa. Hupelekwa makumbusho, na kuonyeshwa hasa ilipotoka, maana mahali ndipo penye habari. Vibeke akaipeleka mbio. Wataalamu wakaahidi kuja kuchimba.

Esben akapoteza hamu ya kula. Kanisani mdomo ulifunguka, wimbo haukutoka. Mungu hapigi kelele. Humwacha mtu na nafsi yake. Mwishowe akapiga simu.

"Vibeke, waambie wasije."

"Una nini, mpenzi? Unaumwa?"

"Ile sarafu niliifukia mimi."

"Ulinionea huruma?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nilifurahi, Esben! Hapo ndipo uliponiua. Nilimwambia baba huenda aliikanyaga usiku ule alipomshika mama mkono mara ya kwanza. Mzee wa watu akalia. Sasa nikamwambie nini?"

Simu ikakatika.

Asubuhi Esben alivaa shati la kanisani, akaenda makumbusho kusema ukweli. Walimkaripia, naye hakujitetea. Kutoka hapo akaenda nyumba ya kutunzia wazee, akapiga magoti mbele ya baba yake Vibeke.

"Inuka, kijana," mzee alisema. "Dansi nilicheza kweli. Hiyo hukuifukia wewe."

Vibeke alikuwa mlangoni, mikono kifuani, amesikia yote. Alimfuata nje hadi kwenye baiskeli.

"Usidhani nimesahau."

"Sidhani."

"Nitakuchunguza mpaka uchoke."

"Nichunguze. Mimi nataka kuishi na wewe, Vibeke. Nilikuwa nikitafuta namna ya kukuambia."

Vibeke akajikaza asicheke, lakini pembe ya mdomo ikamsaliti.

"Ukitaka kunioa, pete nipe mkononi. Ole wako uifukie!"