Boksi Jipya la Treni Kuukuu

Soko la vitu vikuukuu lilifurika Jumamosi hiyo, watu wanapigana vikumbo. Binti mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, gauni lake la njano kalikusanya kwa mkono mmoja lisiburute, aliliona boksi la kadibodi lenye picha ya treni ya kijani, pembe zake zote zimechanika. Akalidaka. Mkono wa kiume ukalidaka upande wa pili.

"Samahani dada, nimeliona mimi kwanza."

"Wewe umeliona, mimi nimelishika. Achia, kaka."

"Mwenzio nataka treni iliyomo ndani tu."

"Kumbe! Mimi nataka boksi. Treni nina kazi nayo gani?"

Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi muuzaji akadhani wanamcheka yeye. Wakakubaliana: treni achukue kaka, boksi bovu achukue binti, amtengenezee jipya la kufanana nalo.

Kaka alikuwa fundi wa lifti, mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka vifungo vinang'aa. Nyumbani alikuwa na treni za bati za kuchezea thelathini na saba, zilizoundwa kabla baba yake hajaoa, na nyingi hazikuwa na maboksi. Binti naye, akitoka kiwandani, alitengeneza nakala za maboksi ya zamani: kadibodi ileile, wino uleule uliofifia. Na usicheze na kazi yake! Mwenye macho yake angeapa boksi ni la zamani, asipofungua akaona muhuri ndani, chini kabisa: mkasi mdogo na neno "nakala".

"Muhuri wa nini sasa?" fundi alimuuliza. "Si unaharibu?"

"Mimi si tapeli, Bwana Treni. Atakayelifungua ajue limetengenezwa leo, na mkono wangu ndio umelitengeneza."

Boksi jipya la treni ya kijani lilikwisha kutengenezwa kwa wiki tatu. Simu zao hazikuisha.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na lifti zako leo zimepandisha wangapi?"

"Mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyenishukuru."

"Pole, baba. Njoo nikushukuru mimi."

Yakaja maonyesho ya wakusanyaji wa vitu vya kuchezea vya zamani. Binti aliingia ukumbini anatabasamu peke yake, akaikuta treni ya kijani kwenye meza ya katikati, na kadi mbele yake: "Nafasi ya kwanza. Treni na boksi lake la asili." Asili? Akafungua boksi. Ndani, chini kote, sponji limebandikwa kwa gundi, muhuri hauonekani. Kule mbele fundi anapigwapigwa mgongoni na mzee jaji, meno yote nje. Binti akahisi kama amefutwa. Akageuka akatoka bila kuaga mtu.

Simu kumi na mbili hakupokea. Ya kumi na tatu akapokea.

"Mpenzi, sponji niliweka treni isikwaruzike, haki ya Mungu!"

"Hilo nakuamini. Na kadi uliisoma lini?"

Fundi akaanza tena habari za sponji.

"Nakuuliza, uliisoma lini?"

"Asubuhi. Wameandika wao wenyewe."

"Na wewe ukanyamaza."

"Miaka kumi na moja napeleka treni pale, sijapata hata cheti. Nilitaka kombe mara moja tu, mama."

"Mimi si mama yako. Kaa na kombe lako," akakata, na machozi yakamtoka ya hasira, kwa sababu alimpenda na alijua anampenda.

Kesho yake mchana dada yake mkubwa alimkuta kajikunyata kitandani.

"Utalia hapa, wakati kazi yako inasifiwa kule kama ya marehemu asiyejulikana? Zawadi zinatolewa leo. Inuka uvae!"

Akavaa gauni jekundu na viatu vya visigino. Alikwenda na maneno yake tayari: atanyakua maikrofoni, aseme mbele ya wote, hata kama ndiyo mwisho wa mapenzi yao.

Alipoketi tu, mzee jaji akaliinua boksi juu.

"Nimekagua vitu hivi miaka arobaini," alisema. "Mkono wa kutengeneza boksi kama hili siku hizi haupo."

"Upo, mzee," ikasema sauti kando ya jaji.

Alikuwa fundi wa lifti. Akalichukua boksi, akatia kucha, akalibandua sponji lote, jasho linamtoka. Akaligeuza watu waone muhuri.

"Boksi hili ni nakala, halina hata mwaka. Nilijua, nikanyamaza kwa tamaa ya kombe. Aliyelitengeneza ni mwanamke mmoja, na nimemkosea. Kombe hili si langu." Akaliweka boksi mezani. Ukumbi ukavuma kwa minong'ono.

Jaji alivaa miwani, akasoma, akaivua, akasoma tena. "Yuko wapi mwanamke huyo?"

Binti alikuwa ameshasimama. Akapita katikati ya viti, visigino vinagonga sakafu, kichwa juu.

"Binti, umenipumbaza!"

"Hapana, mzee wangu. Muhuri niliweka. Aliyeufunika ni huyu hapa."

Ukumbi mzima ukacheka, jaji mwenyewe akiwa wa kwanza. Kombe likaenda kwa aliyeshika nafasi ya pili. Binti akachukua kalamu ya jaji, akakata neno "asili" kwenye kadi, akaandika juu yake: "Nakala. Kazi ya mikono yangu." Watu wakapanga foleni, na treni hakuna aliyeitazama.

"Umenisamehe?" fundi akamnong'oneza.

"Kwanza shika boksi vizuri, watu wanasubiri."

Akalishika kwa mikono miwili, kifua mbele, kana kwamba hajapoteza kitu siku ile. Bibi mmoja akauliza, "Hee, nani kalitengeneza jamani?"

"Mchumba wangu," fundi akajibu, sauti ikafika mlangoni.

Binti alikuwa hajaposwa na mtu, na mama yake hata jina la huyu bwana hakulijua. Akamtazama fundi, akamtazama bibi, na hakumsahihisha.