Chumba cha Wasichana Mlandege

Mika, mwenyekiti wa klabu yetu ya vijana, alitaja jina langu. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakohoa kidogo ili nianze kusema. Hapo hapo yule mzee mgeni akajitupia blanketi kichwani, akapanda benchi, akatoka dirishani.

Nasema dirishani. Mzee mzima, na koti lake na fimbo yake, mbele ya watu arobaini.

Mzee huyo ni Abrahamu, fundi wa ujenzi, baba yake Isakwisa. Na Isakwisa, seremala wa klabu, ndiye niliyempenda mwaka mzima. Alikuwa amemwandikia baba yake barua kwamba anataka kunioa mimi, Lea binti Kalinga, na mzee akafunga safari kutoka Tukuyu mpaka Iringa ili ajibu kwa kinywa chake. Alifika jioni. Alfajiri Isakwisa akapanda lori kwenda Mbeya kufuata mbao, hatukuonana hata kidogo. Kwa hiyo jibu nililopata mimi ni mgongo wa mzee ukipita dirishani.

Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili kwa mkutano ule. Nyumba ya klabu ilikuwa ibomolewe kupisha barabara mpya ya malori, tukapewa kiwanja kingine tujenge wenyewe. Mimi nilitaka klabu mpya iwe na chumba cha wasichana. Mtaa wetu wa Mlandege ulikuwa unajaa watu, mabinti wanashuka kutoka vijijini kila wiki, na mimi nawafundisha cherehani nje, chini ya upenu. Mvua ikija tunabeba cherehani tunakimbia.

Mika akacheka. Akasema kama hata fundi mgeni, tuliyemwomba asimamie ujenzi, hawezi kumsikiliza mwanamke, basi hoja imekufa. Wazee wakaitikia. Chumba changu kikafutwa ubaoni, nikikiona kwa macho yangu.

Nyumbani mama aliniambia nile kwanza, mambo mengine baadaye. Sikula. Niliandika barua nikaipenyeza chini ya mlango wa karakana ya Isakwisa:

"Baba yako amenikataa mbele za watu. Afadhali angesema. Ijumaa naondoka, naenda kwa shangazi Dodoma. Usinifuate. Lea."

Alhamisi mchana akaja, vumbi la Mbeya mpaka kwenye kope, barua mkononi. Anacheka. Nikatamani nimpige na mwiko.

"Lea, hebu nieleze. Baba alifanya nini hasa?"

"Alijifunika, akatoka dirishani."

"Alijifunika uso?"

"Uso, kichwa, kila kitu. Kana kwamba ameona chui."

Akakaa juu ya kinu, akajifuta macho.

"Basi amekukubali."

"Usinichezee, Isakwisa."

"Sikuchezei. Kwetu Unyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawaonani uso. Hawakai chumba kimoja, hata njiani hawapishani. Alfajiri ile nilimwuliza jibu lake, akasema ndiyo. Tangu saa hiyo wewe ni mkwewe. Sasa Mika amelitaja jina lako, na wewe umeziba mlango. Apite wapi?"

Kwetu sisi heshima ni kumsogelea mkwe, ukapiga magoti, ukamwamkia vizuri. Ningemwona njiani ningemkimbilia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kwetu mtoto anayenyonya anajua."

"Mimi si wa kwenu."

"Ndiyo kazi niliyonayo," akasema, "uwe wa kwetu."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Sijawahi kufurahi vile. Kisha nikakumbuka ubao.

"Na chumba changu? Mika amekifuta kwa sababu ya baba yako."

Isakwisa akaacha kucheka. Akakunja barua yangu, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi mkutano ukaitishwa upya. Dodoma sikwenda, na ndani sikuingia, maana mkwe wangu yumo. Nilikaa nje na wasichana wangu, masikio ukutani. Mika alianza kwa kumwuliza mzee kilichomkimbiza siku ile. Ndipo nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nzito, haina haraka.

"Mwenyekiti, sikukimbia hoja. Nilimpa mkwe wangu heshima yake. Mmesema sitaki kumsikiliza. Hilo mmelisema ninyi, mkatumia jina langu. Kujenga nitajenga. Lakini mkwe wangu anafundisha hapa, na mimi nitakuwa hapa. Asipopata chumba chake na mlango wake, siweki hata tofali moja."

Kisha tukasikia chaki ikikwaruza ubaoni, na msichana mmoja akanifinya mpaka nikapiga kelele.

Tulifyatua matofali kiangazi kizima cha mwaka hamsini na saba. Wavulana wana mlango wao upande wa barabara, sisi wetu upande wa mlima, na cherehani hazinyeshewi tena. Kanisani, siku ya ndoa yangu, mkwe wangu alikaa nyuma ya nguzo.

Siku hizi anafundisha useremala upande wa pili. Kila asubuhi, kabla hajakunja kona, anakohoa mara mbili, nami naingia ndani. Nimeolewa miezi minane na sura yake siijui vizuri. Kikohozi chake nakijua, na kila nikikisikia najua napendwa.