Shikamoo Kwenye Nyumba ya Shamba

Haya sikuyaona mimi. Alinisimulia Dorkas, rafiki yangu wa Manyoni, na Dorkas si mtu wa porojo.

Alitumwa Kilimatinde kuchukua jiwe la kusagia kwenye nyumba ya shamba ya babu yake, iliyofungwa tangu bibi azikwe. Mgongoni alikuwa amembeba mwanawe wa miezi saba, aliyepewa jina la bibi huyo. Alipofungua mlango, akasikia gizani mtu anasaga: kwaru, kwaru. Akadhani ni jirani mzee amepitia mlango wa uani.

“Shikamoo,” akasema.

Jiwe likanyamaza. Dorkas akageuka atoke haraka.

Ndipo akaitikiwa, taratibu, kwa sauti ya kikongwe, kutoka mgongoni mwake.

“Marahaba, mjukuu wangu.”