Kaburi Alilohamishwa Mfalme

Haya yalimfika rafiki yangu Khamisa, mzaliwa wa Tanga anayeishi Sydney, siku zile za Korona watu walipofungiwa majumbani. Alikuwa akimuuguza Mzee Bae, Mkorea aliyepooza miguu. Ukutani palikuwa na picha ya kaburi la mfalme wa kwao, mlima nyuma, kijito mbele.

“Pazuri, Mzee.”

“Hapo alihamishiwa, binti. Kaburi la kwanza liliingia maji. Wakaliacha tupu, na sisi, kwa tamaa ya baraka za ardhi ya mfalme, tukamzika baba mle mle. Sasa kila nikilala ananilalamikia miguu imelowa. Nitamhamishaje, na mipaka imefungwa?”

 Khamisa akamvisha soksi kavu za sufu, akamfunika.

Jioni, chumba kikiwa giza, akasikia maji yakidondoka, to, to, to. Akakaza mabomba yote. Hayakukoma. Yalitoka kitandani.

“Nivue soksi, binti,” mzee akanong’ona.

Soksi zilikuwa kavu vilevile. Lakini vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda mtoni, na katikati yake, udongo mbichi.