Mgeni wa Kabati la Joto

Sahani ambayo haikupandwa kitu ilikutwa imelambwa.

Asiyeijua kazi ya maabara atauliza, kwani kuna nini? Hyasinta aliijua. Katika kiwanda kile cha minofu ya sangara, Musoma, kila siku alichoma waya kwenye moto wa gesi mpaka ukawa mwekundu, akauacha upoe, akapanda majimaji ya samaki kwenye visahani vya kioo vyenye mchuzi mgando uliochanganywa na damu, kisha akavifungia kwenye kabati la joto. Kimoja hakikupandwa kitu. Hicho ndicho shahidi: kikibaki safi, mikono yako ni safi, kikiota, kuna kilichoingia. Sasa hakikuota madoa ya bakteria. Damu ilikuwa imeondoka katikati, kioo kinang'aa, kama sahani ya mtoto aliyemalizia uji kwa ulimi.

Alirudia kazi yote, midomo ameibana asije akapumulia sahani. Ikalambwa tena. Mimba yake ilikuwa imeshachungulia, ya tatu baada ya mbili zilizoharibika, na hii alikuwa ameapa ataifikisha. Alipofungua kabati, harufu ilimfanya ashike ukuta. Uozo alikuwa ameuzoea. Hii ilikuwa pumzi, ya kinywa kilichoamka sasa hivi.

Mkuu wa maabara, Bwana Leodgar, msomi wa kozi nyingi na vyeti vyote kwenye fremu, alimsikiliza, akavaa miwani, akapitia orodha ya vimelea vinavyotakiwa kutolewa taarifa. Majini hayakuwamo. Akamshauri aoshe kabati kwa klorini, na kwenye ripoti aandike kwamba sahani ilivunjika.

Aliyemwamini ni Nassibu, fundi umeme. Chumba kile hakikuwa na dirisha, na ulikuwa wakati wa mgao. Umeme ukikatika hata adhuhuri kilikuwa giza tupu. Siku moja ulikatika wakiwa wote wawili ndani. Feni ikanyamaza, friji ikanyamaza, na mle kabatini wakasikia ulimi juu ya kioo, polepole, bila haraka, kama wa paka anayejua maziwa ni yake.

"Dada Hyasinta," Nassibu alinong'ona, "mimi haya mambo nilikuwaga nayacheka. Ngoja nimlete mama mkubwa."

Mama mkubwa alikuwa Bibi Mwanaupe, mganga wa Bunda. Getini walimvisha koti jeupe, buti na kofia ya nailoni, kwa kuwa sheria za usafi hazikumsamehe mganga, wakamwandikisha kama mgeni wa mafunzo. Hakutoa ubani. Aliuliza tu kazi inafanywaje, na Hyasinta akamweleza: damu ni ya mbuzi, tena mbuzi mweusi daima, wa mchinjaji yuleyule wa Nyakato, maana mwongozo unakataza kubadilibadilisha, mikono inaoshwa kwanza, sahani ikiwa wazi hakuna kusema, halafu inafunikwa, inawekwa gizani penye joto, na haiguswi mpaka kesho.

Bibi alikuwa anaukaza mtandio wake chini ya kidevu.

"Nani aliwafundisha?"

"Imeandikwa, bibi. Ni utaratibu wa Ulaya."

"Basi hata huko wapo wanaolisha bila kujua. Mwanangu, hiyo ni chano, sinia la kulishia jini. Miaka yote mmemwandalia, mkamfungia mlango kwa adabu ale. Jini mvamizi ningemfukuza. Huyu mmemkaribisha wenyewe."

Hyasinta akauliza, je, wakiacha kumlisha?

Bibi alitazama kabati, kisha tumbo la Hyasinta, kisha sakafu. "Amezoea giza, damu, na joto kama la mwili wa mtu. Akikosa hapa atatafuta palipo hivyohivyo. Msimnyime, mwanangu." Hakutaka hata chai. Alivua koti jeupe akawahi basi.

Tangu hapo Hyasinta aliandaa sahani moja ya ziada kila siku, wala hakuiombea kibali. Mgeni alikula akatulia. Mtoto alicheza tumboni. Ingewezekana kuishi hivyo.

Kisha Ulaya ikakataa samaki wa ziwa. Amri ikashuka: kiwanda kifungwe, sahani zote ziteketezwe. Hyasinta alimfuata Leodgar, akamsihi aache moja, na umeme wa kabati usizimwe.

"Moja tu, bosi."

"Kwa sababu gani nitakayoiandika?"

Sababu ya kuandikika hakuwa nayo. Leodgar akazipakia mwenyewe kwenye jiko la mvuke, sahani baada ya sahani, akazichemsha, akaenda koridoni kuzima umeme, na chumba kikawa giza tupu. Na Hyasinta, aliyekuwa bado mle ndani anatafuta mlango kwa kupapasa, akahisi pumzi yenye unyevu ikitoka upande wa kabati na kumzunguka magoti, ikapanda, ikasimama mbele ya tumbo lake, ikanusa kama mpangaji anayekagua chumba, na alipotaka kupiga kelele akakuta midomo yake imejibana yenyewe, kwa mazoea ya kazi, na mtoto ndani yake, aliyekuwa akirukaruka tangu asubuhi, akajikunyata na kutulia kabisa.

Alirudi kwao Kiriba. Kwenye zahanati, nesi Marcelina aliweka kile kipembe cha kusikilizia tumboni, akatabasamu. "Hongera, mama. Mbona hawakukwambiaga? Wapo wawili."

Kliniki iliyofuata alisikiliza kwa muda mrefu, akahamisha kipembe, akarudisha. Akamshika mkono.

"Pole, mama. Mmoja amenyamaza. Ila huyu mwingine moyo wake una nguvu, sijapata kusikia. Mshukuru Mungu, mmoja amebaki."

Hyasinta alikuwa ameona mara nyingi vimelea viwili katika sahani moja, na jinsi mwenye nguvu anavyomuua mwenzake na kujiachia duara tupu pembeni yake.

"Yupi?" akauliza.

Marcelina alidhani anataka kujua kama ni wa kiume au wa kike. Akacheka kidogo, akamwambia hilo wataliona siku ya kujifungua.