Meza Nje ya Chumba cha Sanaa

Mwinjuma alikuwa mtunza bustani wa chuo kimoja cha ualimu huko Korogwe. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, na watu wazima walikuwa wakihimizwa kujifunza kusoma. Mkewe, Swaumu, alikwenda kisomo pale kijijini Kwamndolwa. Mwinjuma hakwenda. Alisema ana kazi nyingi.

Darasa la Swaumu halikuwa na karatasi. Waliandika mchangani kwa vijiti.

"Leo tena kuku wamefuta somo letu," Swaumu alilalamika. "Tusipopata vifaa, darasa litafungwa."

"Basi wafundisheni hao kuku," Mwinjuma alicheka.

Wanachuo walipomaliza mitihani, Mwinjuma aliambiwa asafishe chumba cha sanaa. Alikuta makopo ya rangi, brashi, na karatasi za manila zilizochorwa upande mmoja. Akavitupa vyote katika shimo karibu na nyumba yake, akaenda kulima.

Jioni akamkuta mbuzi wa buluu mlangoni, anatafuna karatasi.

"Swaumu! Mbuzi wa nani huyu? Tutaitwa wezi!"

Akamfukuza. Kisha akaenda kumfunga mbuzi wake mweupe, asimwone. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza. Yule wa buluu akamfuata nyuma, huku akilia. Majirani wakacheka hadi machozi.

"Geuka nyuma, Mwinjuma!" wakamwambia.

Zuena, mwalimu wa sanaa aliyeishi jirani, alikuja na ndoo ya maji na sabuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tazama rangi zenu zilivyomfanya mbuzi wangu!"

"Pole. Bahati nzuri hii ni rangi ya maji, itatoka. Ya mafuta ingemdhuru. Na mvua ikinyesha, uchafu wa shimo hili utafika kisimani."

"Si mlisema hamvitaki?"

"Ni kweli. Kosa letu hatukuuliza nani anavitaka."

"Mimi navitaka!" Swaumu alisema. Akakaza khanga, akaingia shimoni.

Wakaokoa vingi. Zuena akawaonyesha la kufanya. Karatasi igeuzwe, upande wa pili ni safi. Brashi iliyokauka ilowekwe, kisha ioshwe. Rangi ya maji iliyoganda iongezwe maji kidogo, na kopo lifunikwe vizuri.

Mkuu wa chuo akakubali meza iwekwe nje ya chumba cha sanaa. Mwenye kitu asichokihitaji akiweke pale kikiwa safi. Mwenye shida nacho akichukue. Zuena akaandika kibao, na Mwinjuma akawa msimamizi, tena mkali kweli.

"Nani kaleta kandambili moja?" aliwaka. "Hii ni meza, siyo jalala!"

Darasa la kisomo halikufungwa. Siku moja Swaumu alifika mezani kuchukua karatasi. Akasimama mbele ya kile kibao, akasoma polepole kwa sauti: "U-si-tu-pe. U-li-za kwa-nza."

Mwinjuma akashtuka. "Kumbe ndivyo kinavyosema?"

"Kwani wewe ulidhani kinasemaje?"

"Mimi nawaambia watu kimeandikwa 'Bwana Mwinjuma, Msimamizi'."

Kesho yake alikaa mstari wa mbele darasani, na karatasi yake ya manila mapajani.