Vizibo vya Koleo

Jua lilikuwa linazama na Spika alikuwa bado ana hasira. Hasira yenyewe haikuwa ya siku hiyo. Alilala nayo na kuamka nayo tangu walipomzika mdogo wake, Koleo, bila yeye kuruhusiwa kumwona uso.

Jina la Spika alipewa na walevi wa kisiwa kizima kwa sababu ya mdomo wake. Kila jioni alizunguka baa na pikipiki ya magurudumu matatu akikusanya kreti za chupa tupu. Akifika hapigi honi. Anapaza sauti tu barabarani, na wahudumu wanaanza kukimbia na chupa.

Baa ya kwanza, karibu na gati, walimchelewesha kwa sababu ya mpira kwenye televisheni. Aliwatukana wote, mpaka mwamuzi naye akapata lake. Baa ya pili, iliyo chini ya chumba cha fundi cherehani, alikuta chupa zimejaa vipisi vya sigara.

"Hizi ni chupa au jalala?"

"Dada Spika, punguza sauti, wateja wanakunywa."

"Wanakunywa kwa masikio?"

Ya tatu ilikuwa ya mama mdogo wake, na hiyo angeiruka kama kazi ingemruhusu. Ni mama mdogo huyuhuyu aliyesimama mbele ya sanduku la Koleo akasema lisifunguliwe, eti maji ya bahari yameshamharibu sura. Watu wakakubali. Spika alipiga kelele mpaka wajomba wakamshika mikono na kumtoa nje, wakamwambia amwonee huruma mama yake mgonjwa.

Huyo mama yake alikuwa amepooza miguu kwa miaka mingi. Analazwa, anageuzwa, analishwa. Baada ya mazishi akainuka mwenyewe akafagia uwanja. Majirani walisema Mungu amempoza machungu. Spika alifurahi mno kiasi cha kutouliza chochote.

Na baa ya mama mdogo? Kabla ya msiba ilikuwa meza mbili za plastiki na friji isiyoshika baridi. Jioni ile ilifurika, watu wanakunywa wamesimama nje, utadhani bia inagawiwa bure.

"Pole na mizunguko, mwanangu," mama mdogo alisema, sauti tamu. "Poza koo kwanza."

Soda ililetwa imeshafunguliwa. Spika aliigida palepale, amesimama, ili asilazimike kukaa. Ilikuwa ya baridi sana. Mwishoni ikamwachia ladha ya udongo kwenye ulimi, akadhani ni kutu ya kizibo.

Akainama kubeba kreti. Chini, sakafu nzima ilikuwa vizibo.

Aliokota kimoja.

Hakikufunguliwa kwa kifungulio. Kilikuwa kimeng'atwa. Mikwaruzo miwili ya meno, na uwazi katikati...

Kisiwa kizima mtu mmoja tu alikuwa akifungua chupa kwa magego, ndiyo maana wakamwita Koleo. Gego moja lilimkatikia kwenye chupa, na tangu hapo kila kizibo chake kilibaki na uwazi ule. Spika alivijua vizibo hivyo kama anavyojua mwandiko wake mwenyewe. Hiki kilikuwa bado kina mate.

Nyuma ya baa, nyuma ya pazia la stoo, kulikuwa na sauti. Kwach... puh. Kwach... puh.

"Nani anafungua chupa huko?"

"Kijana wangu wa kazi. Ana aibu, mwache."

"Aibu yake nitaimaliza mimi."

Alilivuta pazia. Stoo haikuwa na taa. Ilinuka bia iliyochacha, na chini ya bia, udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo. Kwenye kreti iliyopinduliwa alikaa mtu, amevaa shati la bluu. Shati lile Spika alilipiga pasi kwa mikono yake, likaingia kwenye sanduku.

"Koleo?"

Kwach... puh.

Hakuinua macho. Midomo yake ilikuwa imechanika. Alipofungua kinywa kwa chupa nyingine, Spika aliuona ulimi wake umelala ndani, mkavu, mweusi, hausogei.

Mwingine angekimbia. Spika alipiga teke kreti, chupa zikapasuka, akamshika mdogo wake mkono na kumburuta hadi katikati ya wateja.

"Mchawi wewe! Mtoto wa dada yako! Tumbo moja mmetoka, wewe na mama, ukamfanya msukule?"

Watu waligeuka, wakatazama, wakarudi kwenye glasi zao.

"Spika leo kalewa," mmoja alicheka. "Anagombana na hewa."

Mama mdogo hakubisha. Alimsogelea akamnong'oneza.

"Mchukue. Mpeleke kwa mama yako akamwone."

Urahisi ule ungemshtua mtu mwenye akili zake zote. Lakini hasira ilikuwa imeshika usukani.

Alimpakia juu ya kreti. Alikuwa mwepesi kama hizo chupa tupu. Njia nzima Spika aliongea: atakwenda polisi, ataivunja ile baa kwa mikono, mama mdogo atahama kisiwa akiogelea. Sauti ilianza kukwaruza. Akaona ni vumbi, akaendelea kutukana kwa sauti ya chini.

Mama yake alikuwa mlangoni, amesimama kwa miguu yake, kandili mkononi. Aliinua mwanga. Akamwona Koleo.

Hakupiga yowe. Hakuanguka. Aliitazama miguu yake mwenyewe, kisha akamtazama Spika.

"Mbona umemrudisha?"

Mama aliishusha kandili.

"Nilikuwa nalalia haja zangu, mwanangu. Miaka yote ile. Mdogo wangu aliniapia kwamba mtoto hatasikia maumivu..."

Hasira ikampanda Spika kutoka tumboni, kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Kabla hajaitoa, mama yake alishtuka, akajishika kwenye fremu ya mlango.

"Na amekuachia hivihivi tu?" Aliisogeza kandili usoni mwa Spika. "Spika. Umekunywa nini kule?"

Spika alifungua kinywa. Matusi yote ya maisha yake yalikuwa yamejipanga, ya kusikika hadi gatini.

Ulimi haukusogea.

Ladha ya udongo ikamjaa mdomoni. Akajaribu tena, kwa nguvu, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Hakutoka hata mkoromo.

Nyuma yake kreti zililia. Mtu alikuwa anashuka, taratibu, anakohoa kama aliyeamka usingizini.

"Dada?" ilisema sauti ya Koleo. "Dada, mbona hunijibu?"